Mwaka wa Kuhesabu Miti Iliyo Hai: Shajara ya Mradi wa Mazingira Shuleni

Shajara hii ni ya mradi wa mazingira wa shule yetu ya msingi, iliyoko katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, nami ninaiandika nikiwa mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira. Washiriki ni wanafunzi 64 wa Darasa la Tano na la Sita, waliogawanywa katika vikundi vinane vya watu wanane wanane, pamoja na walimu watatu na mama mpishi wa shule. Tangu mwanzo tulikubaliana kwamba kinachopimwa kipimwe na wanafunzi wenyewe na kinachoandikwa kianzie katika madaftari yao, kwa hiyo mengi yaliyomo humu nimeyatoa huko.

Januari, wiki ya pili

Kabla ya kupanda chochote tulifungua daftari la kumbukumbu za shule. Katika miaka mitatu iliyopita limeandikwa kwamba shule ilipanda miche 200, kisha 300, kisha 150, yaani jumla ya miche 650, na kila mwaka zipo picha za wageni wakiwa wameshika majembe. Nikawaomba wanafunzi wajipange safu moja, mtu na mwenzake wakiachana hatua tatu, watembee eneo lote la shule kutoka barabarani hadi korongoni, na kila mwenye kuona mti uliopandwa na ulio hai apige kelele. Kazi ilichukua vipindi viwili na tukapata miti 11.

Miti minane kati ya hiyo 11 ilikuwa nyuma ya nyumba za walimu. Mwanafunzi mmoja wa Darasa la Tano aliuliza, tena kwa adabu, kwa nini miti ya walimu ndiyo iliyopona, na nilipotaka kujibu mwenzake alinitangulia: alikuwa amechuchumaa chini ya mwarobaini, akakwangua udongo kwa kidole na kutuonyesha kwamba ulikuwa na unyevu, ukiwa na utando mweupe wa sabuni juu yake. Hapo ndipo humwagwa maji ya kuoshea vyombo na kufulia. Hakuna aliyekusudia kuumwagilia mti ule. Ulipandwa tu mahali ambapo maji hufika kila siku.

Sababu ya vifo vya mingine tuliipata kwa kuangalia tarehe. Miche yote 650 ilipandwa Aprili Mosi, ambayo ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Tarehe hiyo inawafaa wenzetu wa Tanga, Pwani au Kilimanjaro, ambako masika huwa yanakolea wakati huo, lakini Kongwa tuna msimu mmoja tu wa mvua unaoanza Desemba na kumalizika Aprili. Mche unaopandwa hapa siku hiyo hupata mvua mbili tatu za mwisho, kisha hukutana na kiangazi cha miezi saba kabla mizizi yake haijashuka popote. Ninaliandika hili kwa uchungu kwa sababu nami nimo katika picha mbili kati ya hizo.

Tumeamua kwamba mwaka huu tutapanda miche 40 tu, mitano kwa kila kikundi, tutaipanda sasa mvua zikiwapo, na hesabu itakayotangazwa kwenye mkutano wa wazazi itakuwa ya miti iliyo hai mwezi Novemba.

Januari, wiki ya nne

Mashimo 40 yamechimbwa, kila moja likiwa na upana na kina cha sentimita 60. Udongo wa juu uliwekwa upande mmoja na wa chini upande mwingine, ule wa juu ukachanganywa na samadi ya mbuzi na kurudishwa kwanza. Uso wa shimo umeachwa chini kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yatuame hapo badala ya kupita. Tumepanda mikwaju 10, miarobaini 10, mijohoro 12 na mipapai minane.

Kazi iliyowavutia wanafunzi kuliko zote ni ya kutengeneza fremu ya A, chombo cha kutafutia usawa wa ardhi, kwa ajili ya kuchora mistari ya makinga maji, yaani mitaro yenye tuta inayokatisha mteremko ili kuzuia maji. Fundi seremala wa kijiji alitupa miti miwili ya urefu wa mita mbili, tukaifunga juu kwa kamba ya katani, tukaweka papi, yaani ubao mwembamba, ya kukatisha katikati na kuning'iniza jiwe kutoka kileleni kama timazi la mwashi. Nilitaka wajue kwamba chombo chenyewe kinaweza kusema uongo. Tulisimamisha fremu juu ya vigingi viwili na mvulana mmoja akaweka alama ya mkaa pale kamba ilipogusa papi, akasema kwa uhakika kwamba hapo ndipo usawa ulipo. Tukaigeuza fremu, mguu wa kushoto ukawa kulia, na kamba ikasimama vidole vitatu mbali na alama yake. Alinyamaza, akaiangalia alama ya kwanza na ya pili, kisha akachukua rula na kuweka alama ya tatu katikati yake. Hakuna aliyemwelekeza. Tangu siku hiyo kila kikundi hugeuza fremu kabla ya kuanza kazi.

Makinga maji matatu yamechimbwa kwenye mteremko wa nyuma ya madarasa, kila moja likiwa na urefu wa mita 30 hivi.

Februari

Mvua imekatika kwa siku 16. Hili si jambo geni Dodoma, kwani mara nyingi Februari huwa na kipindi cha ukavu katikati ya msimu, lakini miche ilikuwa bado michanga na majani ya mipapai yalianza kulala saa nne asubuhi. Nilitoa agizo ambalo sasa ninalijutia: kila mwanafunzi aje na chupa ya maji ya lita moja na nusu kutoka nyumbani.

Siku ya tatu ya agizo hilo msichana mmoja wa Darasa la Sita alifika saa mbili na nusu, na mwalimu wa zamu alikuwa akimsubiri getini. Nilimwita pembeni. Akaniambia, "Mwalimu, kwenye pampu ya mdundiko kisimani foleni ilikuwa ndefu, na nilikuwa nateka yangu na ya kaka zangu wawili." Siku iliyofuata niliwapa wanafunzi wote vipande vya karatasi nikawaomba waandike, bila majina, nani aliyeteka maji waliyoleta. Karatasi 57 kati ya 64 zilitaja mama, dada, bibi au msichana mwenyewe. Karibu maji yote tuliyokuwa tukiyaita mchango wa wanafunzi yalikuwa yamebebwa kichwani na wanawake na wasichana kabla ya jua kuchomoza, na mimi, mwalimu wa somo la kutunza rasilimali, ndiye niliyewaongezea mzigo. Agizo nililifuta siku hiyohiyo mbele ya gwaride na nikaeleza sababu, kwa kuwa niliona wanafunzi wana haki ya kusikia mwalimu akikiri kosa linalowahusu.

Jibu la tatizo lilikuwa limekaa nyuma ya nyumba zetu tangu Januari. Shule ina utaratibu wa kunawa mikono kabla ya uji na baada ya kutoka chooni, nayo maji hayo huletwa na mkokoteni wa shule, yakawa yanamwagika mbele ya vyoo na kufanya tope. Tulitengeneza vibuyu chirizi vinane, kimoja kwa kila kikundi: dumu la lita tano lililotobolewa kwa msumari wa moto, kamba, kijiti cha kukanyagia, na sabuni iliyofungwa kwenye kipande cha chandarua chakavu. Vibuyu havikusimikwa mahali pamoja. Kila kimoja kina nguzo mbili zinazohamishika, na kila asubuhi kikundi hukipeleka kwenye mti mmoja kati ya mitano yake, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, hivyo kila mti hunaweshewa mikono mara moja kwa wiki.

Tuliweka karai chini ya kibuyu kimoja kwa siku nzima ili tujue mti unapata kiasi gani, na karai lilikusanya lita tisa. Si maji mengi, lakini kwa shimo lenye samadi na matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa kiganja, unyevu ulikuwapo bado siku ya sita tulipofukua kwa kidole. Tahadhari moja tumeiandika kwa wino mwekundu: maji ya sabuni hayamwagwi kwenye mboga za majani, na nguo zinazofuliwa kwa sabuni kali ya unga hazifuliwi karibu na miti.

Machi

Mvua zimerudi kwa nguvu. Vipimamvua vyetu ni chupa za plastiki zenye kuta zilizonyooka: sehemu ya juu imekatwa na kupinduliwa iwe kama mrija wa kuingizia maji, chini kuna kokoto na maji kidogo hadi kwenye mstari wa sifuri ili kusawazisha kitako cha chupa, na ubavuni rula imebandikwa kwa gundi ya karatasi. Kila siku saa moja na nusu asubuhi mwanafunzi mmoja husoma na mwingine huandika.

Usiku mmoja wa katikati ya mwezi tulipata milimita 47. Asubuhi yake tulifanya somo la Hisabati nje. Wanafunzi walipima ardhi inayofunikwa na paa la jengo la Darasa la Tano na la Sita, wakapata mita 24 kwa mita nane, yaani mita za mraba 192. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hili nililiandika ubaoni, nikaacha wao wazidishe. Jibu ni lita 9,024. Walipolipata, darasa lilinyamaza, kwa sababu kila mmoja wao anaijua ndoo ya lita 20 inavyoelemea shingo, na hapa zilikuwa ndoo 451 zilizoanguka juu ya paa moja kwa usiku mmoja, zikapita uwanjani na kwenda korongoni. Tenki la lita 5,000 tunalo, lakini mfereji wake wa bati ulikuwa umeng'oka muda mrefu. Wanafunzi waliandika hesabu ile kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani siku ya kikao cha kamati ya shule. Wazazi wawili mafundi bati walirudisha mfereji wiki iliyofuata bila malipo.

Mvua hiyohiyo ilibomoa kinga maji la kwanza. Maji yalijaa, yakatafuta sehemu dhaifu, yakapasua tuta na kuufukia mjohoro mmoja kwa tope. Tulikagua na kugundua kwamba hatukuacha njia ya kupunguzia maji yanapozidi. Sasa kila kinga maji lina mdomo wa mawe upande mmoja, chini kidogo ya kimo cha tuta, unaopeleka ziada kwenye kinga la chini yake.

Kosa hilo lilinipa nafasi ya kuwaeleza habari ya mpango wa karanga, ambayo wengi wao wameisikia kwa mababu zao bila kuijua kwa undani. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha hapa Kongwa mradi mkubwa wa kulima karanga, ikikusudia kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, ili kupata mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Zililetwa trekta, na hata vifaru vya kivita viligeuzwa kuwa mashine za kung'olea visiki. Lakini mvua ya hapa haikutosha wala haikutabirika, na udongo huu mwekundu ukikauka hushikana kama tofali, hata karanga zilizokomaa zikawa hazing'oleki. Mwaka 1951 mradi uliachwa baada ya kugharimu takribani pauni milioni 36. Kisha nikawauliza wangewashauri nini wale wahandisi. Msichana mmoja alisema angewaambia waweke kipimamvua kwanza na kusubiri miaka kadhaa. Mwingine alisema angewapeleka kwa bibi yake, ambaye hulima mtama na uwele na hajawahi kukosa kabisa.

Aprili Mosi

Wageni walifika kama ilivyo desturi, wakiwa na gari lenye miche 150. Mwalimu Mkuu aliwakaribisha, na badala ya kuwaelekeza kwenye mashimo tuliwaomba wanafunzi wawatembeze. Viongozi wa vikundi walisoma madaftari yao: namba ya mti, aina, tarehe ya kupandwa, urefu kwa sentimita, idadi ya majani kwa ile iliyo midogo. Kisha kiranja wa klabu alieleza kwa nini hatutapanda leo. Nilikuwa na hofu kwamba maneno yake yangechukuliwa kuwa utovu wa adabu, lakini alianza kwa shikamoo, akashukuru kwa miche, akafungua daftari la zamani kwenye ule ukurasa wa 650 na 11, na mgeni mkubwa alikaa kimya akisoma tarakimu zile kwa muda mrefu.

Tulikubaliana hivi. Miche 30 imebaki shuleni katika kitalu chenye kivuli cha makuti, kwa kuwa huo ndio wingi tunaoweza kuumwagilia kila siku kwa maji ya tenki. Iliyobaki 120 imegawiwa kaya 120 za kijiji, mche mmoja kila kaya, kwa sharti moja kwamba upandwe pale yanapotokea maji ya bafu. Wanafunzi wameandika orodha ya kaya hizo na kila mmoja amepewa moja au mbili za kuzitembelea.

Mei

Mvua zimekwisha. Mwezi huu tumeingia kwenye eneo la nyuma ya shule, kiasi cha ekari mbili, ambalo kwa miaka mingi tumeliita uwanda mtupu. Si tupu. Kila baada ya hatua chache kuna kisiki kilichokatwa na kuchipua, kikaliwa na mbuzi, kikachipua tena, hata kikawa kichaka kisichofika kiunoni.

Njia tunayotumia ni ya Kisiki Hai, ambayo shirika la LEAD Foundation limekuwa likiieneza kwa wakulima wa Dodoma. Ni ndugu ya ile iliyorudisha miti katika mashamba ya Niger kuanzia miaka ya 1980, kwenye eneo linalokadiriwa kufika hekta milioni tano. Msingi wake ni kwamba kisiki kina mizizi mirefu tayari, hivyo hakihitaji kumwagiliwa.

Mzee mmoja jirani wa shule alikubali kuja kutufundisha. Wanafunzi walimsalimu, "Shikamoo babu," naye akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu, karibuni chini." Akaketi kando ya kichaka cha mgunga, akatenganisha matawi kwa mikono kama mtu anayechambua mboga, na kuwaonyesha kwamba vijiti vyote 19 vilitoka kwenye shina moja lililokuwa limefukiwa na mchanga. "Mti huu haujafa," alisema. "Mizizi yake iko chini tangu mimi nachunga ndama. Nyinyi mnakata kila mwaka, nao kila mwaka unarudi kuwauliza mnataka nini." Alichagua machipukizi matatu yaliyonyooka na kushikamana vizuri na shina, akakata mengine yote kwa panga kuanzia chini kwenda juu ili gome lisichanike, kisha akaondoa vitawi vya pembeni hadi nusu ya kimo cha kila chipukizi kilichobaki. Mwanafunzi alifunga kipande cha kitambaa chekundu. Kitambaa hicho ndicho kinachomwambia mpitaji kwamba kisiki kina mwenyewe.

Wanafunzi wamehudumia visiki 112 katika wiki tatu, vingi vikiwa vya migunga na mikole, na kila kimoja kina namba. Matawi yenye miiba tuliyokata hayakutupwa: yamezungushwa kuzunguka miti yetu 40 kuwa uzio. Hapo awali tulikuwa tumefikiria kukata miiba porini kwa ajili ya uzio, na wanafunzi wenyewe walihoji ni mantiki gani kukata mti mmoja kulinda mwingine.

Juni na Julai

Siku ya Mazingira Duniani, Juni 5, tuliiadhimisha kwa kusafisha mfereji wa tenki. Siku chache baadaye shule ilifungwa.

Niliporudi mwanzoni mwa Julai nilikuta uzio wa miiba umesogezwa pembeni upande wa kusini, mipapai mitatu imeliwa hadi shina, na visiki kadhaa vimetafunwa ncha. Nyayo zilikuwa za mbuzi. Kilichoniumiza ni kwamba mbuzi wa kijiji hiki huchungwa na watoto, na watoto hao ni wanafunzi wetu. Nilipouliza darasani, mvulana mmoja alisimama. Alisema alichunga likizo nzima kuanzia alfajiri, kwamba lambo limekauka mapema, na kwamba majani mabichi yaliyobaki kijijini yote yalikuwa shuleni. Hakujitetea zaidi ya hapo, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Sikumwadhibu. Nilimwomba yeye na wachungaji wenzake 13 wawe kikundi cha tisa, na nikawauliza mbuzi wanahitaji nini Juni hadi Novemba. Walinifundisha zaidi ya nilivyowafundisha. Walitaja maganda ya mgunga yanayodondoka kuanzia Agosti, wakasema mbuzi huyapenda kuliko majani. Wakataja mabua ya mtama ambayo watu huyachoma shambani baada ya mavuno. Wakapendekeza kwamba kila mchungaji awe na haki ya kuokota maganda ndani ya eneo la visiki na kuyabeba kwenye gunia kwenda kwa mbuzi, mradi mbuzi wenyewe wabaki nje. Kwa maneno mengine, eneo lile litakuwa ghala lao. Serikali ya kijiji iliwaita kwenye mkutano wake wa Julai, wakajieleza, na wananchi wakakubali kwamba eneo la shule lisichungiwe, na mabua ya mashamba manne ya jirani yasichomwe.

Tangu hapo uzio haujaguswa.

Agosti

Mwezi wa jiko. Uji wa wanafunzi ulikuwa ukipikwa kwenye mafiga matatu, na mama mpishi alikuwa akikohoa tangu nimfahamu. Kabla ya kubadili chochote tulipima kuni kwa mizani ya kuning'iniza kwa siku tano, tukapata wastani wa kilo 38 kwa siku. Kisha wanafunzi, wazazi na fundi mwashi walijenga jiko banifu kwa matofali na udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, likiwa na bomba la kutolea moshi nje. Jiko la kwanza halikufaa, kwa sababu tulilijenga bila kupima sufuria, na moto ukawa unatokea pembeni. Mama mpishi ndiye aliyeeleza kosa, alileta sufuria yenyewe, akaikalisha juu ya udongo mbichi na kusema, "Jengeni kwa kuizunguka hii, msijenge kwa kukisia." La pili linatumia kilo 21 kwa uji uleule.

Wanafunzi wanajua kwamba jiko banifu si mwisho wa safari. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na kamati ya shule imeanza kuchangisha kwa ajili ya gesi. Hata hivyo, kilo 17 zisizochomwa kila siku ni kilo 85 kwa wiki, na hizo ni kuni ambazo hakuna mama wa kijiji hiki anayehitaji kuzitafuta kwa ajili yetu.

Septemba na Oktoba

Kazi ni chache wakati huu, na Darasa la Saba walikuwa na mtihani wao, hivyo tulipunguza kelele. Biwi la mboji lina tabaka za majani makavu, samadi, majivu na maganda ya jikoni. Tunachomeka fimbo katikati na kuichomoa baada ya muda, ikiwa ya moto na yenye unyevu mambo yanakwenda, ikiwa kavu tunaongeza maji ya kuoshea sufuria. Magunia sita ya udongo yaliyopandwa mchicha na mlenda yanatoa mboga. Mchwa wameua miarobaini miwili, jambo lililotushangaza, na kikundi husika kimeandika kwamba matandazo yaligusa shina. Matandazo yote sasa yameondolewa kiganja kimoja kutoka kwenye mashina.

Novemba

Siku ya kuhesabu. Safu ileile, hatua tatu tatu. Kati ya miti 40, iliyo hai ni 33. Saba iliyokufa kila mmoja una sababu yake kwenye daftari: mitatu mbuzi, miwili mchwa, mmoja tope la Machi, mmoja ulivunjwa na mpira. Visiki 112 vyote viko hai, ingawa 20 vilirudishwa nyuma na mbuzi, na chipukizi refu kuliko yote, la mgunga namba 46, limeongezeka sentimita 94 tangu Mei bila tone la maji yetu. Kati ya miche 120 iliyopelekwa kwenye kaya, 78 imepona. Tarakimu hizi zilisomwa kwa wazazi na wanafunzi wenyewe, pamoja na sababu za vifo. Mzazi mmoja wa kaya ambayo mche wake ulikufa alisimama akaomba apewe mwingine mvua zikianza.

Darasa la Sita wanaingia mwaka wa mtihani, hivyo madaftari yao wamewakabidhi wa Darasa la Nne watakaopanda la Tano. Kila anayekabidhi alitembea na anayekabidhiwa hadi kwenye miti yake mitano, akamwonyesha namba na kibuyu.

Desemba

Shule imefungwa. Usiku wa kuamkia leo mvua ya kwanza imenyesha. Nilipofika saa moja na nusu nilimkuta yule msichana wa foleni ya mdundiko ameshafika, amevaa khanga juu ya nguo za nyumbani, anasoma kipimamvua: milimita 22. Makinga maji yote matatu yalikuwa yamejaa na midomo ya mawe ilikuwa inapitisha ziada taratibu. Tenki lilikuwa linapokea maji.

Wanafunzi 11 wanaoishi jirani walikuja bila kuitwa, wakiwa na majembe. Kati ya miche 30 ya kitalu iliyo hai ni 28, na mashimo yake yalichimbwa Novemba. Tulimaliza kabla ya saa nne. Mche wa mwisho, mkwaju, umepewa namba 68, na zamu ya kusoma kipimamvua hadi shule itakapofunguliwa imebandikwa kwenye mlango wa stoo.